Tawi la Binti: Kizazi cha Salme, kutoka Mtoni hadi Jaluit

Ukimtaja kwa ukamilifu, ni Salme binti Said bin Sultan bin Ahmad. Hapo umekwisha kufika kwa imamu aliyeasisi utawala wa Al Busaid huko Oman, katikati ya karne ya 18. Njia ni fupi na haina kona: Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, baba yake, Sultan, aliyeuawa mwaka 1804, babu yake, Ahmad. Mwanamke ni mmoja tu katika mstari huo, Salme mwenyewe, naye yuko mwisho, mahali ambapo kwa desturi mstari hukatika. Watoto wa binti huhesabiwa kwa baba yao.

Makala haya yanafuata tawi hilo lililokatika. Habari za Salme mwenyewe zimesimuliwa mara nyingi mno: binti wa mfalme aliyempenda Mjerumani akatoroka naye. Watalii huuziwa kisa hicho Mji Mkongwe pamoja na viungo. Yaliyokipata kizazi chake hayasimuliwi sana, ingawa ndiyo yanayoonyesha jinsi ukoo mmoja ulivyoweza kukaa pande zote za ukoloni kwa wakati mmoja.

Tuanze na mama, kwa kuwa vitabu vya nasaba havianzi naye.

Aliitwa Jilfidan, Mcherkezi wa milima ya Kaukazi. Baba yake alikuwa mkulima. Vita vilipofika kwao, familia ilijificha chini ya ardhi. Wavamizi wakaingia, wakawaua baba na mama, na watoto watatu wakabebwa na wapanda farasi watatu. Mmoja akapotea na kaka mtu. Wawili waliobaki walikwenda pamoja mpaka jioni, Jilfidan akimsikia mdogo wake wa miaka mitatu akimlilia mama, kisha nao wakaachana njia. Hakuwaona tena ndugu zake. Alipoingia katika nyumba ya Seyyid Said alikuwa na umri wa miaka saba au minane, na humo ndimo lilimong'oka jino lake la kwanza la utoto. Yote haya tunayajua kwa sababu binti yake aliyaandika. Jina la baba wa Jilfidan, yule mkulima, halimo. Kwa upande wa kuumeni nasaba ya Salme inapanda hadi kwa imamu. Kwa upande wa kukeni inaishia kwenye shimo la kujifichia.

Jilfidan alipokua akawa suria wa Seyyid Said. Hapa msomaji asichanganye sheria za pwani yetu na zile za mashamba ya Marekani. Katika Virginia, tangu mwaka 1662, mtoto alifuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto naye mtumwa, hata kama baba ndiye mwenye shamba. Kwa Waislamu ilikuwa kinyume. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alizaliwa huru, akarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa, na mama yake hakuweza kuuzwa tena, akawa huru bwana wake alipofariki. Seyyid Said hakuzaa na mke wake mkuu, Azza binti Seif. Watoto waliokuwa hai alipofariki baharini karibu na Shelisheli, Oktoba 1856, walikuwa 36 kwa hesabu ya Salme, wanaume 18 na wanawake 18, wote wa masuria. Wengine mama zao walikuwa Wacherkezi, wengine Wahabeshi. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, ndugu wanne waliofuatana katika kiti cha Unguja hadi mwaka 1893, walikuwa hivyo hivyo. Utawala mzima ulisimama juu ya mama walionunuliwa.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, ambamo kwa makadirio yake waliishi watu kama elfu moja. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ilimponza mapema. Mwaka 1859, mwaka uleule mama yake alipofariki kwa kipindupindu, Barghash alijaribu kumpindua Majid, na Salme wa miaka 15 akawa karani wa njama, akiandika barua za waasi. Njama ilivunjwa na Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake, lakini nyumba ilikuwa imeshapasuka, na mwanya huo ndio Wazungu walioupitia baadaye.

Mume aliyempata ni Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana wa Hamburg, jirani yake Mji Mkongwe. Salme alipokuwa mjamzito, mke wa tabibu aliyeshika ofisi ya ubalozi wa Uingereza alimsaidia kuondoka. Agosti 1866, usiku wa kuoga mwaka, wanawake walipokuwa wameshuka pwani kwa desturi, aliingia mashuani hadi manowari ya Kiingereza, Highflyer, iliyompeleka Aden. Huko alizaa mtoto wa kiume, akabatizwa kwa jina la Emily tarehe 30 Mei 1867, na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Heinrich, ambaye alikuwa amebaki Unguja miezi kadhaa akimaliza shughuli zake. Mtoto huyo wa kwanza alifariki njiani, Ufaransa, kabla hajaiona Hamburg.

Kwa kubatizwa na kuolewa hivyo, Salme alitoka katika ukoo kwa milango miwili. Muislamu aliyetoka katika dini harithi kwa Muislamu; na ndoa ya Muislamu wa kike kwa Mkristo haikuwa ndoa mbele ya kadhi yeyote wa Unguja. Watoto wake wasingekuwa na mahali pa kuandikwa hata kama Majid au Barghash wangetaka kuwaandika.

Walizaliwa watatu zaidi, kila mmoja akiwa na jina la Kijerumani na la Kiarabu: Antonie Thawka mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, Rosalie Ghuza Aprili 1870. Mvulana alibeba jina la babu mzaa mama, kama ambavyo angepewa huku kwetu. Agosti mwaka huo wa 1870 Heinrich alikanyagwa na tramu ya farasi akafa. Mjane akabaki na watoto watatu, mdogo wao akiwa bado hajatimiza miezi minne, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa ndiyo kwanza anaizoea. Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili wanawe wale. Kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 alizianza kwa ajili yao. Walikuwa wakijua kwamba mama yao ni Mwarabu na katoka Unguja, basi. Kabla hakijawa kitabu cha kusomwa Ulaya nzima, kilikuwa nasaba iliyoandikiwa watoto wasiokuwa na babu wa kumuuliza.

Serikali ya Ujerumani iliuona ukoo huo kwa jicho lingine. Februari 1885 Kaisari alimpa Carl Peters na kampuni yake hati ya ulinzi juu ya Usagara na nchi za jirani, kwa mikataba ambayo Barghash, sasa sultani, aliipinga kwa nguvu. Agosti kikosi cha manowari za Kijerumani kilitia nanga mbele ya kasri yake. Katika safari hiyohiyo kansela Bismarck alimleta Salme na watoto wake kwa meli iitwayo Adler. Rasmi, alikuja kudai mirathi: mafungu yake kwa ndugu waliofariki baada ya yeye kuondoka. Lakini hesabu ya kisiasa haikufichika. Salme alikuwa raia wa Ujerumani kwa ndoa. Rudolph, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akisomea uofisa wa jeshi, alikuwa mjukuu wa Seyyid Said na Mjerumani kamili kwa wakati mmoja. Barghash angemdhuru dada yake, Ujerumani ingepata sababu ya kupiga mizinga. Angemtambua, ingepata jamaa ndani ya kasri.

Barghash hakufanya lolote kati ya hayo. Alikataa kumwona. Salme aliandika kwamba watu wa mjini walimzunguka na kumsalimu kila alipokwenda, lakini mlango wa kaka haukufunguka. Kuhusu Usagara sultani alilazimika kuridhia, na mara tu aliporidhia, madai ya mirathi yalikosa mwenye haja nayo. Salme alirudi tena mwaka 1888 kwa nguvu zake mwenyewe, akaambulia patupu. Mimi humwona Barghash katika jambo hili si mkatili kama dada yake alivyomchora. Mtu aliyekabiliwa na mizinga hawezi kutofautisha shangazi wa watoto wake na bendera anayosafiri chini yake. Ila na Salme naye alikuwa na haki ya kuuliza, kama aliyeandika barua za njama akahatarisha shingo yake kwa ajili ya Barghash mwaka 1859 hakuwa yeye, alikuwa nani?

Miaka mitano baada ya manowari zile za 1885, kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza ilichukua ulinzi wa Unguja na Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland, kilichoko baharini mbele ya mdomo wa mto Elbe, mto unaopita Hamburg. Watoto wa Ruete wangeweza kuusoma mkataba ule kama barua ya nyumbani: upande mmoja visiwa vya mama, upande wa pili kijisiwa cha jirani ya baba.

Antonie aliingia katika ukoloni kwa mlango wa mbele. Mwaka 1898 aliolewa na Eugen Brandeis, mtu aliyemzidi miaka zaidi ya 20, ambaye miaka ya 1880 alikuwa nguvu ya Wajerumani nyuma ya mfalme Tamasese huko Samoa. Robert Louis Stevenson amemwandika katika kitabu chake kuhusu vurugu za visiwa hivyo. Mwaka wa ndoa yao Brandeis aliteuliwa mtawala wa Visiwa vya Marshall, koloni ambalo Ujerumani ililichukua mwaka 1885, mwaka uleule wa manowari za Unguja. Makao yao yakawa Jaluit, kisiwa cha matumbawe katikati ya Bahari ya Pasifiki, na mamlaka ya Brandeis yalifika hadi Nauru. Uchumi wa huko ulikuwa mmoja: mbata.

Fikiria hali hiyo. Mjukuu wa Seyyid Said, mtu aliyeijaza Unguja karafuu na kuishi kwa nazi na pembe, yuko chini ya minazi ya bahari nyingine, mke wa gavana, na mume wake ametajwa sana kwa kuwachapa wenyeji viboko. Antonie hakukaa bure. Alipiga picha, akakusanya mikeka, zana na mapambo ya watu wa Marshall na Nauru, na vitu hivyo vimo hadi leo katika makumbusho ya Ujerumani, ikiwemo ya Freiburg. Mwaka 1907, baada ya kurudi, alichapisha kitabu cha mapishi kwa wanawake wa Kijerumani wanaokwenda kuishi nchi za joto, namna ya kuweka meza ya Kizungu kwa vyakula vya huko. Mama yake alikuwa amewaandikia Wajerumani maisha ya nyumba ya Kiarabu kwa uchungu wa mtu aliyefukuzwa humo. Binti aliwaandikia jinsi ya kuwa mabibi katika nyumba za wengine. Wengi humwacha Antonie kwenye tanbihi. Kwangu yeye ndiye ukurasa mgumu kuliko yote ya ukoo huu, kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha.

Ndoa yake na Brandeis ilivunjika. Rosalie, mdogo wao, aliolewa na ofisa wa jeshi la Prussia aliyeitwa Martin Troemer, akaishi maisha ya wake za maofisa.

Rudolph ndiye aliyerudi nyuma kutafuta mti. Alitumikia jeshi, akaliacha, akafanya kazi katika reli za Misri, kisha akawa mkurugenzi wa benki ya Kijerumani mjini Cairo. Katika miaka hiyo aliunganisha majina yake mawili, akawa Rudolph Said-Ruete, jambo ambalo kisheria lilikuwa dogo na kinasaba lilikuwa uasi: jina la babu mzaa mama likatangulia la baba. Mama yake, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 aliishi Beirut karibu na lugha yake, alirudi Ujerumani vita vilipokaribia mwaka 1914, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, katika kaburi la akina Ruete.

Miaka mitano baada ya mazishi hayo, mwaka 1929, Rudolph alitoa mjini London kitabu cha Kiingereza juu ya maisha ya Seyyid Said, kikiwa na utangulizi wa Sir Percy Cox, mkuu wa zamani wa Uingereza katika Ghuba. Alikusanya pia nasaba ya Al Busaid, matawi ya Oman na ya Unguja, jina kwa jina. Kazi ya kuuandika mti wa masultani ilifanywa na mtu ambaye, kwa kanuni za mti wenyewe, hakuwa na tawi. Sioni kama lilikuwa jambo la bahati. Waliomo ndani hawana haja ya kuandika. Wanajua watakaa kiti gani barazani.

Na barazani alikaribishwa hatimaye. Sultani wa wakati huo, Khalifa bin Harub, alikuwa mjukuu wa Thuwaini, kaka wa Salme kwa baba. Kwa hiyo Rudolph na Harub, baba wa Khalifa, walikuwa watoto wa ndugu. Mamlaka ya Khalifa yalikuwa madogo, maana ufunguo wa hazina ulikuwa kwa Mwingereza, lakini mambo ya ukoo yalikuwa yake. Katika miaka ya 1930 alimkubalia Rudolph kuitwa Sayyid. Barghash alikuwa amefunga mlango kwa Wajerumani wenye manowari. Khalifa aliufungulia mzee mmoja mwenye karatasi, wakati ambapo hapakuwa tena na kitu cha kunyang'anywa.

Wakati huohuo Ujerumani ilianza kuuliza nasaba kwa namna ya kutisha. Mke wa Rudolph, Maria Theresa Mathias, alitoka katika ukoo wa Kiyahudi. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 hazikujali ubini: zilihesabu babu na bibi wote wanne, kuumeni na kukeni, kisha zikaamua nani raia na nani si kitu. Rudolph hakuzingoja. Mwaka 1934 aliukana uraia wa Ujerumani, baadaye akawa raia wa Uingereza. Mwaka 1937 aliikabidhi Taasisi ya Mashariki ya Leiden, Uholanzi, maktaba yake na karatasi za mama yake, pamoja na barua ndefu za Salme kwa rafiki wa Unguja ambazo hazikuchapishwa alipokuwa hai. Zilitoka zote kwa Kiingereza mwaka 1993, kwa kazi ya mtaalamu wa Leiden, E. van Donzel.

Vita viliwakuta ndugu hao watatu katika pande mbili. Antonie alikufa Aprili 1945 kwa mabomu ya ndege za Washirika katika mji wa Bad Oldesloe, kaskazini ya Ujerumani, siku chache kabla ya mapigano kwisha, kaka yake akiwa raia wa nchi mojawapo ya zilizorusha ndege hizo. Rudolph alifariki Lucerne, Uswisi, Mei 1946. Rosalie mwaka 1948. Utawala wa Al Busaid Unguja uliwapita kwa miaka 16 tu.

Liko jambo ambalo nasaba ya Rudolph haikuwa na nafasi nalo, wala kitabu cha mama yake hakikulitendea haki. Salme alipotimiza miaka 12 alitangazwa mtu mzima akakabidhiwa fungu lake la mirathi, na ndani ya mafungu kama hayo yalikuwamo mashamba na watu wa kuyalima. Alikaa katika mashamba ya Kisimbani na Bububu, akayapenda, akayaandika vizuri: maji, vivuli, wageni waliokuja na ngoma. Wachumaji karafuu kwake ni kundi. Aliutetea utumwa wa Waarabu mbele ya wasomaji wa Ulaya, na maneno aliyoyatumia kuhusu watu weusi yanakera kuyasoma. Mwanamke aliyeweza kumwandika mama yake, mtoto aliyetekwa, mpaka kilio cha mdogo wake wa miaka mitatu, hakumwona mtoto aliyetekwa Unyasa akashushwa Unguja bila jina la baba yake vilevile.

Mwaka 2019 kiwanja kidogo cha mtaa wa Uhlenhorst, Hamburg, alipoishi na Heinrich, kilipewa jina lake. Haukupita muda watu wakayasoma tena maandishi yake, wakapinga, na jina likaondolewa. Mji Mkongwe, katika makumbusho ya kasri ya Beit al-Sahel, kipo chumba chake bado, kati ya vyumba vya kaka zake waliomkana. Anayetaka kumfuata Jilfidan kutoka hapo hana hati ya kuanzia, ila kurasa chache za bintiye: mkulima, shimo, farasi watatu.